Kitintale, Mtaa Uliojimwagia Mteremko

Sisi watu wa Ituri na Kivu mteremko tumepewa bure. Shuka kusini hadi Butembo, au fika Kibumba juu ya Goma, uone wanaume wakijiachia na chukudu, skuta zetu za mbao, zilizosheheni viazi na makaa, mguu mmoja tayari kwenye kipande cha tairi ambacho ndicho breki. Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na imestahili. Chombo tunachonga wenyewe; mlima ulishakuwepo.

Kitintale nilikuta mambo yamegeuzwa. Kutoka Mambasa, kwetu Ituri, unapita Komanda, Beni, kisha mpaka wa Kasindi, na barabara ya Kasese inakufikisha Kampala. Mtaa wenyewe uko mashariki ya jiji, kando ya barabara ya Port Bell inayoelekea Luzira na ziwani: nyumba zimebanana, boda boda hazitulii, na harufu ya rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, inakufuata kila kona. Hapa vyombo ni sketibodi, nazo zimetoka ng’ambo, mikononi mwa wageni na wafadhili. Mteremko ndio uliotengenezwa nyumbani.

Sababu iko chini ya ubao. Magurudumu ya sketibodi ni magumu na madogo, kipenyo chake sentimita 5 au 6 tu. Kwenye vumbi jekundu hayaendi popote. Kokoto moja ikijipenyeza, ubao unagoma papo hapo na mpandaji anaendelea na safari peke yake. Bila sakafu ya saruji hakuna mchezo. Ndipo Jackson Mubiru na vijana wenzake wa mtaani waliposhika beleshi na karai, wakamwaga zege kwa mikono. Mwaka 2006 Uganda ikawa na uwanja wake wa kwanza wa sketibodi.

Nilipiga magoti kuangalia kazi ile. Ugumu wote uko pale sakafu inapoanza kupanda ukuta: fundi asipovuta mwiko kwa mkupuo mmoja, hubaki kinundu, na kinundu hicho kitawaangusha watoto miaka na miaka. Viraka vinaonekana, saruji mpya ikiwa nyeupe juu ya ile iliyokwisha kusuguliwa. Kwangu mimi viraka hivyo ni vizuri kuliko uwanja wowote uliojengwa na kampuni. Hata California, mchezo ulikozaliwa, watu walijipigilia rampu za mbao nyuma ya nyumba zao miaka ya 1970. Kitintale imefuata mila ileile bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mpiga picha wa Uswisi, Yann Gross, alikaa nao na picha zake zikautangaza mtaa Ulaya. Nairobi nayo ilipata uwanja mwaka 2013, katika kituo cha watoto cha Shangilia, kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid. Ni mzuri, sina neno. Lakini safari yangu ingeishia Kitintale tu.

Nenda jioni, shule zikifungwa. Mbao ni chache kuliko watoto, kwa hiyo kuna foleni, na wakubwa wa uwanja hawambembelezi mtu: ukianguka, unanyanyuka, unampa ubao anayefuata, unarudi nyuma ya mstari. Mgeni mwenye mvi naye anapanga foleni.