Neno la Ijumaa

Machi 2021 tulikaa watu wanane nyumbani kwangu mjini Dallas, sinia la pilau katikati na kalamu mkononi, tukaanzisha ligi ya besiboli ya kubuni. Wanne tulitoka Afrika Mashariki, wanne walikuwa Wamarekani, wote wafanyakazi wa ghala moja. Usidhani, ndugu msomaji, kwamba tulicheza wenyewe. Mchezo huu, ulioanzishwa mwaka 1980 na mwandishi Daniel Okrent na wenzake huko New York, ni wa hesabu. Sisi tulijipa kila mtu dola 260 za karatasi, tukanunua mnadani wachezaji 23 wa ligi kuu. Kila walichofanya uwanjani kilihesabiwa kuwa chetu.

Tuliongeza sharti moja: msimu ukiisha, mtu aweza kubaki na wachezaji wanne kwa mwaka unaofuata, bei ya kila mmoja ikipanda kwa dola 5. Nililipenda sharti hilo, kwani lilitulazimu tukutane tena.

Rafiki yangu wa Mombasa alikuwa amemnunua Ronald Acuña Jr. wa Atlanta Braves kwa dola 40. Ijumaa moja usiku, mwezi wa Julai, tulikubaliana kwa simu: anipe Acuña, nimpe vijana wangu wawili. Kesho yake, Julai 10, Acuña aliruka kuufuata mpira mjini Miami, akatua vibaya, ukano wa goti la kulia ukakatika. Msimu wake ukaishia hapo.

Jioni rafiki yangu alinipigia. Nikamwambia hatukuandikiana, na kanuni hazisemi lolote juu ya makubaliano ya mdomo. Kweli hazikusema, mimi ndiye niliyeziandika.

“Haya, ndugu yangu,” akajibu, akakata simu.

Hakunilaumu, wala hakunisema kwa wenzetu. Lakini kwa miezi minane tuliambiana salamu za kazini tu. Wahenga walisema ahadi ni deni. Nami nilikuwa nimelikana deni kwa ajili ya dola za karatasi.

Kabla ya mnada wa 2022 nilikwenda kwake, nikamwomba radhi. Nikamwambia nipo tayari kumchukua Acuña kama tulivyokubaliana. Akacheka.

“Hapana, bwana. Huyu sasa mgonjwa wangu, nimeshamuuguza.”

Tukaandika kanuni mpya: neno likishatoka, biashara imekwisha.

Mwaka 2023 Acuña, akiwa kwake kwa dola 50, alipiga homurani 41 na kuiba vituo 73. Hakuna aliyewahi kufikisha 40 na 70 katika msimu mmoja. Rafiki yangu akatwaa kombe, mimi nikawa wa sita. Hadi leo wenzetu hunitania kwa Acuña niliyemkataa. Nacheka nao. Kilichoniuma zaidi ni ile miezi minane, na hiyo haikuandikwa katika hesabu za ligi.