Chuma Mguuni: Kigumu Zaidi Si Bora Zaidi

Leo tuongee kuhusu vyuma, na si vile vya kubeba jim. Naongea kuhusu vyuma ambavyo watu wanatembea navyo ndani ya mwili. Ukiishi mji wowote wenye boda, lazima unajua mtu ako na kimoja: mguuni, mkononi, kiunoni. Na maoni yangu ni haya: tumezoea kudhani kitu kigumu kuliko vyote ndicho kizuri zaidi kwa mfupa. Si kweli.

Bro wangu ako na bamba la chuma kwenye muundi tangu aanguke na boda miaka miwili imepita. Mfupa ulishashika. Sasa swali ni kama litolewe ama libaki. Kulitoa ni operesheni ya pili na bili ya pili, halafu yanabaki matundu ya skrubu, na kabla hayajaziba mguu unaweza kuvunjika tena kirahisi. Kuliacha nako kuna bei yake. Mathe anauliza, "Si wangemwekea tu ile nene zaidi, tujue imeisha?" Namwelewa kabisa. Lakini hapo ndipo mambo yanageuka.

Mfupa si jiwe. Uko hai. Unajijenga pale unapobebeshwa mzigo, na unajipunguza pale unapokaa bure. Julius Wolff, daktari wa upasuaji Mjerumani, aliandika kitabu kizima kuhusu hiyo kanuni mwaka 1892. Sasa cheki hesabu. Wahandisi hupima ugumu kwa gigapaskali. Ganda la nje la mfupa lina kama 15 hadi 20. Titani ya vipandikizi ina kama 110. Chuma kisichoshika kutu kinafika karibu 200. Yaani chuma ni kigumu mara kumi hivi kuliko mfupa unaokisaidia. Ukipiga hatua, chuma kinabeba mzigo na mfupa unatulia. Ni kama kazi ya kikundi kule chuo: mmoja akifanya yote, wengine wanalala. Ikienda hivyo muda mrefu, mfupa ulio chini ya bamba unakonda.

Ndiyo maana nyuzi za kaboni zinanisisimua. Ni zile zile za baiskeli za mbio na magari ya Formula 1. Uzi mmoja una unene wa maikromita 7 hivi, kama sehemu ya kumi ya unywele wako. Unazishika pamoja kwa plastiki inayoitwa PEEK, ambayo mwili unaivumilia vizuri. PEEK peke yake ni laini sana, gigapaskali 3 au 4. Ukiichanganya na nyuzi fupi za kaboni kiasi cha asilimia 30, inafika karibu 18. Hapo umelingana na mfupa! Ukitumia nyuzi ndefu na kuzipanga kwa matabaka, kila tabaka na mwelekeo wake, unapanda zaidi. Ugumu unaupanga wewe.

Lakini kazi yenyewe ya kuiimarisha iko wapi? Fikiria nyumba ya udongo kule ocha. Fito ni nyuzi, udongo ni plastiki. Fito zikiwa imara lakini udongo haujazishika, mvua moja tu na ukuta unabanduka. Uzi wa kaboni ni mtelezi na haupendi kushikana na kitu. Kwa hivyo watafiti wanaukwaruza kwa kemikali au plazma, ama wanaupaka utando mwembamba ili plastiki ipate pa kung'ang'ania. Halafu kuna shida ya pili: mfupa nao haushiki PEEK. Kwa hivyo juu wanapaka titani, ama haidroksiapataiti, madini ya jamii ile ile yanayoupa mfupa ugumu.

Hii si uchawi, na historia inatuonya. Miaka ya 1970 na 1980 madaktari walijaribu kano za goti za nyuzi za kaboni. Nyingi zilikatika na kuacha vumbi jeusi ndani ya goti. Nyuzi bila mshiko mzuri ni balaa. Tena, bamba la chuma daktari anaweza kulikunja kidogo akiwa tiyeta lifuate umbo la mfupa wako. La kaboni halikunjiki hivyo. Na bei yake iko juu.

Faida nyingine kubwa: eksirei inapita ndani yake. Daktari anauona mfupa bila kivuli cheupe cha chuma, hadi watengenezaji wanaweka alama ndogo za metali ili kipandikizi chenyewe kionekane. Kwa mtu mwenye saratani ya mfupa hii ni maisha, kwa sababu chuma huharibu picha za MRI na kuvuruga hesabu za mionzi ya tiba.

Sasa kwetu. Hospitali kadhaa hapa Kenya hutumia msumari wa SIGN, wa chuma, uliobuniwa uweze kuwekwa hata bila mashine ya eksirei ndani ya tiyeta. Hiyo kwangu ndiyo akili: ulianza na hali ya hospitali yenyewe. Kaboni nayo isije hapa kama fasheni ya wenye pesa. Ianze na wagonjwa wa saratani, ambao chuma kinawaumiza zaidi. Na nyinyi wa uhandisi, hasa wa nguo pale Moi, kusuka nyuzi ni kazi yenu. Mbona tusiwe na mikono kwenye hii kitu?

Kama uko na chuma mwilini, ama mtu wako anacho, niambie hapo chini: mliambiwa kitolewe ama kibaki? Na kuna mtu aliwaeleza kwa nini? Hiyo kwa nini ni haki yako. Iulize.