Mbuga, Mkonga na Kashata

Washairi wetu wanaipenda sana mbuga. Katika tungo ninazozisoma, nyingine humu humu, mbuga ni mahali pa swala na upepo, mahali ambapo macho huenda mbali bila kuzuiwa. Sina ugomvi na matumizi hayo. Kamusi zinayaunga mkono, na watalii wanaopita hapa Nyashimo kuelekea lango la Ndabaka wanakwenda kuitazama mbuga ya namna hiyo. Lakini sisi wa Busega tunayo mbuga nyingine, na mwaka jana iliniingiza katika mjadala wa matairi ambao sikuutarajia katika umri huu wa kustaafu.

Kwa Msukuma, mbuga ni udongo kabla ya kuwa mandhari. Mchanga wa juu ya mteremko huitwa luseni, udongo mgumu wa chini yake huitwa itogolo, na ule mfinyanzi mweusi uliojaa mabondeni ndio mbuga. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii jina la Kilatini, catena, yaani mnyororo. Jina hilo hufundishwa duniani hadi leo. Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili na Jiografia, nilipenda kuwakumbusha wanafunzi kwamba bibi zao waliujua mnyororo huo pingili kwa pingili, na kila pingili walikuwa wameipa jina na zao lake. Tena neno mbuga lenyewe lilichukuliwa na wataalamu wa udongo wa Afrika Mashariki, wakaliandika katika vitabu vyao vya Kiingereza kwa maana yetu, si kwa maana ya washairi.

Kiangazi mbuga hupasuka nyufa zinazoweza kuuteka mguu wa ndama. Mvua ikianza, mfinyanzi hunywa maji, huvimba, nyufa hujifunga, na juu hubaki utelezi kama wa sabuni. Hunata kwenye jembe, kwenye kwato na kwenye gurudumu.

Mpwa wangu ana Land Cruiser ya zamani, ya aina ambayo watu huiita mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo kama pua ya tembo. Napenda sana jina hilo. Hubeba abiria na mizigo kutoka vijiji vya ndani hadi barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Masika kazi yake hubadilika: hupigiwa simu usiku kumfuata mama mjamzito ambaye bodaboda haiwezi kumfikisha kituo cha afya. Alikuwa amekwisha kulinyanyua gari kwa springi na shokapu ndefu, kiasi cha inchi mbili. Ndipo akanijia na karatasi yenye maandishi ya muuzaji mmoja wa Mwanza: matairi matano ya 315/75R16 pamoja na ringi mpya, pana. Fedha yote ya pamba ya msimu ule ingeishia hapo.

“Mjomba,” aliniambia, “sitaki kukwama tena nikiwa na mgonjwa.”

Nilimwomba kwanza tulichambue neno kunyanyua. Mafundi husema gari limenyanyuliwa. Je, ni kipi hasa kilichonyanyuliwa? Springi ndefu huinua bodi na chesisi. Ekseli hubaki pale pale, pamoja na difu, lile bumba la chuma la katikati ambalo ndilo linalokwaruza tuta lililo kati ya nyayo za magari. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka.

Kisha tukazisoma namba. Tairi lake la zamani lilikuwa 235/85R16. Maana yake upana ni milimita 235, ubavu ni asilimia 85 ya upana huo, na ringi ina kipenyo cha inchi 16. Ukijumlisha ringi na mbavu mbili unapata kimo cha milimita 806 hivi. Lile la muuzaji hufika 879. Kwa hiyo difu ingepanda milimita 36, karibu upana wa vidole viwili, huku kila tairi likiongezeka upana kwa milimita 80. Nilimwuliza anachonunua hasa ni kimo au ni upana. Hakujibu upesi, nami sikumharakisha.

Gharama nyingine hazikuwamo katika karatasi ile. Gurudumu kubwa huipa injini na breki kazi zaidi. Mshale wa mwendo ukisoma 80, gari huwa limefika 87. Tairi pana hugusa bodi usukani ukikatwa, na dawa ya muuzaji ilikuwa ringi zinazolisogeza tairi nje, jambo ambalo huongeza mzigo kwenye beringi. Nani atakuwa na beringi za akiba saa nane ya usiku, katikati ya vijiji, mama akiwa na uchungu?

Mpwa wangu alikuwa na hoja yake, na haikuwa ya kitoto. Alisema mguu wa bata hauzami, wa mbuzi huzama. Ni kweli. Kwenye mchanga wa ufukweni mwa ziwa, unyayo mpana husaidia. Lakini unyayo huo waweza kupatikana kwa kupunguza upepo, kwani tairi lenye upepo kidogo hulala na unyayo wake hurefuka. Ukifika barabara ngumu unajaza tena, na unakwenda polepole mpaka ujaze. Mbuga ni habari tofauti. Baada ya mvua za mwanzo, utelezi huwa juu na chini yake pagumu. Tairi jembamba hukata ule utelezi likashika pagumu. Tairi pana huelea juu yake, na gari likielea huenda linakotaka lenyewe, mara nyingi mtaroni. Landrova 109 za zamani, zilizotumia matairi membamba ya 7.50-16, zilipita njia hizi hizi kabla huyu kijana hajazaliwa. Mvua zikiendelea hadi mbuga ikalowa kina chake chote, hapo hakuna tairi la kulisifu, liwe jembamba au pana. Dereva huzunguka kwa njia ya luseni, hata kama ni ndefu maradufu.

Hapo ndipo lilipoingia neno kashata. Msomaji wa pwani atafikiria nazi na sukari, vipande vilivyokatwa pembe nne. Gereji zetu huyaita kashata yale matairi yenye vipande vikubwa vya mpira vilivyoinuka, na ukilitazama tairi utaona kwa nini. Ila fundi hodari haangalii kashata zenyewe tu, huangalia nafasi iliyo kati yake. Nafasi ikiwa finyu, mbuga huijaza na tairi jipya hugeuka upara palepale. Ikiwa pana, gurudumu likizunguka huutupa udongo nje. Nadhani hili ndilo lililomgeuza mpwa wangu, maana hesabu zangu alizisikiliza kwa adabu, lakini tairi lililojaa udongo alikuwa amelikwangua kwa panga mara nyingi, kwa mikono yake mwenyewe.

Bado alilalamikia sura. Alitaka gari lionekane. Nilimwambia mkonga ukivalishwa ringi za kumetameta utageuka shangingi, na hilo ni neno ambalo kabla ya kuwa gari la wakubwa lilikuwa sifa isiyotamaniwa na mwanamke yeyote. Alicheka, lakini hakuridhika. Hata leo huyatazama yale mapana kila yanapopita barabarani.

Alinunua matano ya kipimo kile kile cha 235/85R16, kashata zenye nafasi pana, akabaki na ringi zake za chuma. Fedha iliyosalia ilitengeneza breki na kununua pampu ya upepo inayotumia betri ya gari, na iliyobaki akairudisha kwa mkewe. Vuli alikwama mara moja, mchana, akiwa na magunia tu, akapunguza upepo akatoka. Usiku mmoja alimzungusha mama kwa njia ya luseni, wakafika kabla ya mtoto. Masika yenyewe bado.

Yale ya zamani, yaliyokwisha kuwa upara, niliyapeleka sokoni kwa fundi wa katambuga, vile viatu vya mpira wa tairi ambavyo jina lake ni kitenzi cha amri na nomino vilivyoungana: kata, mbuga. Nilikuwa na hamu ya kuyaona yakivaliwa. Fundi alichomeka kisu ubavuni, akakisikia kinakwaruza chuma ndani, akakichomoa.

“Haya yana nyaya, mwalimu,” alisema. “Niletee ya nailoni.”