Kwenda Ndau na Hadubini

Ndau ni kisiwa kidogo upande wa kaskazini-mashariki wa Pate, na siku hizo ukitoka Lamu hukufika kwa saa yako. Ulifika kwa saa ya maji. Mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara, umesongwa na mikoko, na maji yakitoka boti zilikuwa zikikwama topeni. Tulikaa gatini mpaka nahodha aliporidhika. Alipoona kisanduku nilichoshika akaniambia, “Mwanangu, hicho kipakate. Ukikiweka chini kitaoga maji ya ngama.”

Nikakipakata njia nzima. Mlikuwa na hadubini ndani, na pembeni yake kifuko cha punje za buluu zinazonyonya unyevu. Zikigeuka rangi ya waridi hukaushwa motoni, zikarudi kazini. Hewa ya pwani haina huruma na lenzi. Ukungu humea juu ya kioo chenyewe na kukitafuna, na lenzi ikishaliwa haitengenezeki.

Tulikuwa tukienda kutafuta mnyoo wa matende na mabusha, Wuchereria bancrofti. Utafiti wa mwaka 2015 katika vituo 10 vya Pwani ulikuta Ndau inaongoza: asilimia 6.3 ya waliopimwa walikuwa na alama za mnyoo huo damuni. Mnyoo mkubwa hukaa katika mishipa ya limfu. Watoto wake mchana hujificha kwenye mishipa ya damu ya mapafu, usiku wakatoka hadi karibu na ngozi, saa ambazo mbu wanauma. Tabia hiyo Patrick Manson aliigundua China mwishoni mwa miaka ya 1870. Kwa hiyo damu hutolewa baina ya saa nne na saa nane usiku.

“Mjukuu wangu,” bibi mmoja aliniuliza huku akininyooshea kidole, “mwaniamsha usiku wote huu kwa tone moja?”

“Ndiyo, bibi. Wenyewe mchana hawaonekani.”

Mama wa maabara aliyetuongoza aliitoa hadubini kwa mikono miwili, mmoja umeshika mkono wake wa chuma, mwingine chini ya kitako. Kitako ni kizito kwa makusudi: ukikuza kitu mara 400, mtikisiko wa meza nao unaukuza mara 400. Akaweka slaidi yenye tone la damu mbichi chini ya kioo chembamba, akaibana kwa vibanio. Akazungusha kichwa cha lenzi mpaka ile ya 10 ikakaa sawa, tak. Lenzi hiyo hutengeneza picha ya kwanza ndani ya bomba, na lenzi ya jicho, nayo ya 10, huikuza picha hiyo tena. Kumi kwa kumi, mara 100. Akatumia skrubu kubwa huku akichungulia kwa ubavuni, lenzi isije ikagusa kioo, kisha akamalizia kwa ile ndogo.

Nikaweka jicho. Weupe mtupu.

Hakugusa lenzi. Alipeleka vidole chini ya meza ya slaidi, akashusha kidogo kikusanya mwanga na kukibana kiwambo, lile tundu linalofunguka na kufumba kama mboni ya jicho. Damu mbichi ina rangi hafifu mno. Mwanga ukiimwagikia wote, kingo za kila kitu huyeyuka. Tundu lilipopungua, chembe nyekundu zikajichora moja moja. Vitabu vya shule hukipa kiwambo mstari mmoja. Mimi ningekipa ukurasa mzima.

Kisha chembe zikaanza kusukumana, na katikati yao akajitokeza mwenyewe: uzi hai wa karibu robo milimita, ukijikunja na kujikunjua papo hapo, ukizipiga chembe kwa mkia. Nilisogeza slaidi kushoto, yeye akaenda kulia, maana lenzi huigeuza picha. Nilimtazama mpaka nikakumbushwa kwamba kuna wenzangu wanangoja zamu.

Asubuhi tulisoma slaidi nyingine, za damu iliyokaushwa, ikaoshwa kwa maji na kutiwa rangi ya Giemsa. Hapo ndipo lenzi ya 100 ilipopata kazi. Hutiwa tone la mafuta baina yake na slaidi, kwa kuwa mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda na mwingine kupotea; mafuta yanaupokea kama kioo. Tulikuwa tukitafuta ncha ya mkia. Kwa mnyoo huu ncha ni tupu, haina viini, na hivyo ndivyo anavyotenganishwa na baadhi ya jamaa zake.

Kipimo cha ukanda kingetuambia, hata mchana, kwamba mnyoo mkubwa yumo mwilini. Kuwaona watoto wake wakiwa hai ndiko kunakoonyesha kwamba mbu wa Ndau bado wana cha kubeba kutoka nyumba hadi nyumba. Mwaka 2018 Lamu ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza Kenya kugawiwa dawa tatu kwa pamoja, ivamektini, DEC na albendazoli, na shabaha yake ni hao hao wanaotoka usiku.