Alama za Taimingi Kabla ya Msimu wa Harusi

Shaaban ikikaribia hatulali. Nguo za mabibi harusi zinapangana kwenye cherehani, na gari yetu haipumziki, mjini na shamba. Nguo ya bibi harusi ni amana. Ikikwama njiani na wageni washaanza kuingia, hakuna udhuru utakaomtuliza mama wa harusi. Basi mkanda wa taimingi tunaubadilisha kabla ya msimu, na mmoja wetu hukaa gereji mpaka kazi imalizike.

Mtasema hayo ya wanaume. Lakini mshonaji anayaelewa upesi. Sindano hushuka, ikianza tu kupanda ndipo ndoana ya chini, pale penye bobini, inapopita kudaka uzi. Zikipishana kidogo, mshono unaruka. Injini nayo ndivyo: krenki inapandisha na kushusha pistoni, kamshafti inafungua valvu, mkanda unaziendesha pamoja. Krenki ikizunguka mara 2, kamshafti huzunguka mara 1. Mkanda ukiruka jino, valvu hufunguka wakati usio wake. Gari haina nguvu, inatetemeka, inakula mafuta. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu zikapinda.

Yetu ni Noah ya zamani, injini ya 3S-FE, ya mkanda. (Vitz na IST zina mnyororo, wenye nazo mna nafuu.) Mkanda ukishafungwa, tunamuomba fundi asipige stata kwanza. Achukue spana aizungushe krenki kwa mkono, taratibu, kwa upande ule injini inaozungukia, mizunguko 2 kamili. Kisha tuone kwa macho yetu: alama ya puli ya krenki iko kwenye 0, na kitundu cha puli ya kamshafti kimelingana na alama iliyo nyuma yake. Ikipishana hata jino 1, mkanda utoke tena. Na spana ikigoma katikati, asilazimishe.

Mafundi wengine hununa, wanaona hatuwaamini. Hata sisi gauni tulilolipima mara 3 tunamvalisha mteja kabla ya kumkabidhi, na hakuna anayenuna. Fundi wetu wa sasa anatuita mwenyewe: "Dada, njoo utazame alama."

Pampu ya maji inaendeshwa na mkanda huohuo, kwa hiyo tunaibadilisha siku hiyohiyo, tusilipe ufundi mara mbili. Halafu tunasoma dua ya safari, tunapakia nguo.