PRESHA NA UNENE, Sehemu ya 4: Mafuta ya mwilini nayo yanatoa homoni

Tangu sehemu ya 3 swali moja limejirudia: "Nesi, mimi sina mawazo yoyote, mbona presha imepanda?" Wengi mnaouliza mmejifungua mwaka mmoja au miwili iliyopita na kilo za ujauzito hazijatoka. Hata mimi baada ya mtoto wa pili nilibaki na kilo 14 za nyongeza, kwa hiyo naongea na wenzangu.

Tumezoea kudhani mafuta ya tumboni ni kama gunia la mahindi stoo, limekaa tu. Sivyo jamani. Yale mafuta yako hai, yanatengeneza homoni na kuzimwaga kwenye damu usiku na mchana.

Kwa kawaida mwili una sababu nzuri ya kupandisha presha. Ukiharisha sana au ukitokwa damu nyingi, figo zinahisi presha imeshuka, zinatoa renini. Renini inakata protini fulani iliyoko kwenye damu, na baada ya hatua nyingine inapatikana anjiotensini. Hiyo inabana mishipa ya damu, kisha inaziamsha tezi zilizo juu ya figo zitoe aldosteroni, inayozuia chumvi na maji yasipotee kwenye mkojo. Presha inajitahidi kupanda mpaka ufikishwe hospitali.

Sasa kwa mtu mnene, ile protini ya mwanzo haitoki kwenye ini peke yake, mafuta nayo yanaitengeneza. Mafuta yanatoa pia leptini, ambayo ikizidi inachochea mishipa ya fahamu, na presha inapanda. Insulini ikiwa juu, figo zinashikilia chumvi. Yaani mwili unaishi kwenye dharura wakati dharura haipo. Ndiyo maana sipendi mtu mnene aambiwe "presha yako ni uvivu". Na wembamba pia msijisahau, presha inawapata.

Hapa ndipo penye hatari, someni taratibu. Kuna dada alikuja kliniki, alikuwa anameza dawa za mama mkwe wake kwa sababu "zimemsaidia mama". Boksi limeandikwa losartan. Ni dawa nzuri, inaizuia hiyo hiyo anjiotensini. Lakini tulipompima, alikuwa na mimba ya wiki 10 na hakujua. Losartan, enalapril na captopril zinaweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni, hasa mimba ikishapita miezi mitatu. Daktari alimbadilishia dawa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo dawa ya presha haiazimwi kama chumvi. Kama unatumia mojawapo ya hizo na hedhi imechelewa, au unapanga kubeba mimba, wahi kituoni ubadilishiwe. Usiache kimya kimya ukakaa bila dawa.

Na kilo? Usisubiri kurudi kama siku ya harusi. Kupunguza kilo 5 tu kunaweza kushusha ile namba ya juu kwa takriban 4 au 5. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu ile iliyo kwenye viungo vya pakiti na samaki wa chumvi.

Muhimu kuliko yote, pima, maana presha mara nyingi haiumi. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, anza kliniki. Ukiwa mjamzito usingoje siku ya pili, nenda siku hiyo hiyo.

Sehemu ya 5 nitaeleza presha ya baada ya kujifungua. Leo nenda kaangalie boksi la dawa unayomeza: ni jina lako lililoandikwa pale?