Jumbe Nane kwa Wiki

Rafiki yangu anaandika kodi za kompyuta, mimi naandika maneno ndiyo nipate kodi ya nyumba. Mara nyingine tunagawana mteja. Huyu wa mwisho ni mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Anauza udi na marashi, na alitaka tovuti yake iwe na ujumbe tofauti kila siku ya wiki. Jumbe 7, kila mmoja shilingi 300. Kwangu hiyo ni stima, gesi na chenji kidogo.

Maneno hayakuwa taabu. Taabu ilikuwa siku. JavaScript ukiiuliza leo ni siku gani haikutajii jina, inakupa nambari: 0 ni Jumapili, 6 ni Jumamosi. Kiswahili nacho kinaanza kuhesabu Jumamosi, siku ya mosi, hadi Jumatano. Halafu inaingia Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni "ya tano", manake wao wanaanzia Jumapili. Kwa hiyo wiki yetu ina tano mbili zinazofuatana na hakuna anayelalamika. Mimi mwenyewe, tangu karo inishinde nikaacha chuo mwaka wa pili, nina siku mbili tu: nimelipwa na sijalipwa.

Tulimpigia Mama, simu ikiwa kwenye spika, kumuuliza siku gani ina uzito zaidi.

"Ijumaa, mwanangu. Lakini Ijumaa huingia Alhamisi magharibi. Watu hufukiza usiku ule. Ukiniwekea asubuhi yake, umeshachelewa."

"Msee, kompyuta inabadilisha siku saa sita usiku," rafiki yangu akaninong'oneza.

Na hata hiyo saa sita haikuwa yetu. Mashine inayohifadhi tovuti ilifuata UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3, kwa hivyo ujumbe wa Jumatano ungekaa hadi saa tisa usiku wa manane. Kuandika Africa/Nairobi kulimaliza hilo kwa dakika moja. Magharibi nayo haikusumbua: Mombasa iko karibu na ikweta, machweo hupishana kwa kama nusu saa tu mwaka mzima. Tukaweka 12:30 jioni.

Rafiki yangu alitaka ujumbe wa Ijumaa uanze tu mapema. Nikakataa. Ule unasema duka linafungwa wakati wa swala ya mchana. Nani atausoma usiku akauelewa? Nikamwambia Mama unahitajika wa nane, na ni shilingi 300 pia. Rafiki yangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Kila mtu huniambia "ni sentensi moja tu." Sasa si hiyo sentensi ndiyo ninayouza?

Mama alinyamaza. Nikamsikia akimhesabia mtu chenji.

"Niandikie kwanza niuone."

Nikauandika hapo hapo: Ijumaa imeingia. Makaa yameshika? Udi upo, tuko wazi hadi Isha.

Pesa iliingia Jumanne. 2,400.